Somo la Give na Kapu la Njegere

Walimu wenzangu wa idara ya Kiingereza, siku mliyoniaga mlinipa kiti cha uvivu, blanketi na hotuba tano. Kiti nakikalia kila siku, blanketi kalichukua mke wangu, na hotuba nimezisamehe. Baada ya sherehe Mwalimu Neema, aliye mdogo kuliko wote idarani, alinifuata mpaka kwenye gari. "Mwalimu Rwiza," akaniambia, "hotuba zote zimesema ulipandishwa lini na ulihamishwa wapi. Hakuna iliyosema ulikuwa unafundishaje. Tuandikie." Nikamjibu kwamba nitaandika nikipata nafasi. Sasa nafasi ninayo kutwa nzima, na kisingizio sina.

Vyeo na mishahara vimo kwenye faili langu, anayevitaka akaliombe huko wilayani. Mimi nitaandika kuhusu neno moja tu. Nimelifundisha kuliko neno lingine lolote, tambarare, mjini na milimani, na ndilo lililonitia aibu mara mbili katika miaka yangu ya kazi. Neno lenyewe ni give. Mimi ni Mhaya, na utani wenu kuhusu Wahaya na Kiingereza nimeshausikia wote, hamna jipya. Nakiri kwamba nilipofika Morogoro niliamini Kiingereza kimekaa kinanisubiri mimi nije nikigawe.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule ya sekondari kwenye mashamba ya mpunga upande wa Dakawa. Niliripoti Jumatatu, Jumanne nikapewa kidato cha kwanza B. Darasa lilikuwa na watoto hamsini na kitu, madirisha hayana vioo, na ndege wa mpungani wakiingia na kutoka bila kuomba ruhusa. Nilikuwa na kamusi kubwa niliyotoka nayo chuoni, na nilichagua kuanza na give kwa sababu niliona ni neno jepesi. Nikaandika ubaoni maana zake moja baada ya nyingine, kuanzia ile ya kumkabidhi mtu kitu mkononi mpaka ile ya ukuta kulegea na kubomoka. Zilifika kumi na nane. Watoto walinakili kwa utiifu mkubwa, na wengine walinakili hata namba ya ukurasa wa kamusi.

Nyuma ya darasa alikuwa amekaa Mwalimu Mwanahawa, mkuu wa idara, mama mfupi wa Pangani mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Kengele ilipolia alisubiri watoto waanze kutoka, kisha akaja mbele.

"Umewapa maana ngapi?" akaniuliza.

"Kumi na nane, Mwalimu."

"Na wamepokea ngapi?"

Nikageuka kuutazama ubao. Alimwita mtoto mmoja aliyekuwa bado mlangoni, akamwambia kwa Kiingereza ampe lile dasta lililokuwa mezani. Mtoto alimtazama yeye, akanitazama mimi, halafu akafungua daftari lake na kuanza kutafuta. Hiyo ndiyo ilikuwa aibu yangu ya kwanza, na kwa bahati nzuri ilikuwa ndogo.

Kesho yake Mwalimu Mwanahawa alinipa kopo la bati lililowahi kuwa la biskuti. Ndani mlikuwa na kijiko, kitana, kitunguu, kiberiti kisicho na njiti na ufunguo ambao kufuli lake halijulikani. "Neno hili linataka watu wawili na kitu kimoja," akasema. "Ukikosa mmoja wao, usilifundishe." Kopo lile nimetembea nalo mpaka nimestaafu. Kitunguu nilikuwa nakibadilisha, ingawa si mara nyingi kama ilivyopasa.

Sasa niwape utaratibu wake, kwa sababu ndio mlioutaka. Wiki ya kwanza hakuna kuandika. Asha anampa Juma kijiko, darasa linasema alichofanya Asha. Juma anampa Asha kitunguu, darasa linasema tena. Wakishazoea ndipo mnawaonyesha kwamba Kiingereza kina njia mbili za kuipanga sentensi ile. Unaweza kumtaja Juma kwanza, kijiko kikafuata, au ukaanza na kijiko, na hapo Juma hakubali kuja bila to mbele yake. Watoto wetu wanaisahau hiyo to kwa sababu Kiswahili hakina haja nayo. Sisi tukisema "mpe", anayepokea ameshaingia ndani ya neno kabla hatujamtaja hata jina. Waambieni hivyo wazi, kwa Kiswahili, na anayetaka kuwakemea kwa kutumia Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza mleteni kwangu.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kiada vinalipita. Sisi tuna kutoa na tuna kupa. Ukitoa, macho yako yako kwenye kitu kinachoondoka. Ukimpa mtu, macho yako yako kwa mtu. Mwingereza yote mawili kayatia kwenye give. Mtoto akitaka kusema katoa jibu, katoa ushauri au katoa hotuba, give inamtosha, na akitaka kusema kampa mwenzake kalamu ni ileile. Ila msimruhusu aichukue kila toa yetu akaigeuza give. Kutoa takataka nje si give. Kutoa ng'ombe zizini si give, hata kama ng'ombe mwenyewe ni wa mahari.

Give up, give in na give back ziacheni mpaka kidato cha tatu. Najua mnazipenda kwa sababu zinajaza ubao vizuri, lakini mtoto asiyeweza kumwomba mwenzake kijiko hana kazi nazo. Give way niliifundisha kwa miguu. Nilipohamia mjini niliwapeleka wanafunzi Msamvu, kwenye mzunguko wa barabara karibu na stendi, nikawaambia waandike nani anampisha nani. Walisimama pale nusu saa wakarudi na jibu kwamba hakuna anayempisha mtu. Niliwapa maksi zote.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa kazini nilipohamishiwa milimani, upande wa Mgeta. Jina la shule naliacha, wanaolijua wanalijua. Gari la kwenda kule lilikuwa lilelile linaloshuka na kabichi, kwa hiyo ukipanda unafika na harufu yake. Shule ilikuwa imekatwa ubavuni mwa mlima, na uwanja ulikuwa na upande mmoja tu wa kuaminika. Mpira ukitoka upande wa pili mchezo umekwisha, kwa sababu aliyeufuata bondeni hurudi baada ya vipindi viwili. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia darasani, na nimewahi kuita majina nikijibiwa na watoto nisiowaona. Niliipenda shule ile kuliko zote.

Wanafunzi walikuwa watoto wa wakulima wa njegere, kabichi na karoti, wengi wao Wakatoliki wa vijiji vinavyozunguka misheni. Nyumbani walizungumza Kiluguru, darasani walikuwa wasikivu sana na wagumu wa kusema. Kopo la Mwalimu Mwanahawa liliwafungua midomo. Aliyefunguka kuliko wote alikuwa msichana wa kidato cha pili, Skolastika, sisi tukimwita Skola. Siku moja nikiwa kwenye kitunguu na kijiko alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, mtu akitoa kitu na mwenzake asikichukue, hiyo nayo ni give?" Nikamwambia hapana, hapo Kiingereza kina neno lingine, offer, na give inangoja mpaka kitu kipokelewe. Akaandika. Nilijivunia swali lile utadhani nimeliuliza mimi.

Skola alikuwa amekuja akiwa nyuma sana, kwa hiyo mara mbili kwa wiki nilimbakiza yeye na wenzake wanne baada ya vipindi. Baba yake alikuwa amefariki. Aliishi na mama yake, na kama ilivyo kwa Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno la mwisho alikuwa mjomba wake, Mzee Filipo. Huyu mzee hakuwa adui wa shule. Alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba binti atasoma maadamu walimu wanaona kuna kitu ndani yake, na siku wasipokiona atashuka akafanye kazi kama wengine. Hilo nilikuwa nalijua. Skola alifanya mtihani wa kidato cha pili mwisho wa mwaka, na Januari matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu vizuri.

Wiki ya kwanza ya kidato cha tatu alikuja shuleni na kapu kichwani, limefunikwa kwa jani la mgomba. Alinikuta katika ofisi ya walimu, akalitua mbele ya meza yangu. Lilikuwa limejaa njegere mbichi, maganda yakiwa bado na umande. "Mama amesema ni zako, Mwalimu," akasema.

Siku chache kabla, mkuu wa shule alikuwa ametusomea waraka unaokataza walimu kupokea zawadi kutoka kwa wazazi. Waraka ulikuwa na sababu zake nzuri, na mimi nilikuwa mtu wa kufuata waraka. Tena niseme kweli yote: ofisi ilikuwa imejaa walimu, na niliona nafasi ya kuonekana mwadilifu. Nilichukua karatasi nikaandika barua. Nilimshukuru mama kwa maneno mazuri, nikamweleza kuhusu waraka, nikataja hata namba yake ya kumbukumbu. Nikaikunja, nikaiweka juu ya njegere.

"Mwalimu, naomba nisirudi nalo," Skola akasema.

"Utarudi nalo, leo hii."

"Hata kidogo usichukue?"

"Hata punje."

Alilifunika upya taratibu, akajitwika, akatoka. Mwalimu wa jiografia akasema huo ndio msimamo, na mimi nikashinda siku nzima nimeridhika na nafsi yangu.

Kesho yake Skola hakuja. Keshokutwa hakuja. Siku ya tatu niliandika "mgonjwa" kwenye daftari la mahudhurio bila kumuuliza mtu yeyote, kosa ambalo nimewakemea wengi wenu. Wiki iliyofuata, siku ya Alhamisi, niliwauliza wenzake wanne wa masomo ya jioni. Waliangalia madawati. Mwishowe mmoja akasema, "Hatakuja, Mwalimu. Jumamosi anashuka na lori la kabichi."

"Anakwenda wapi?"

"Dumila, kwa mama yake mdogo. Atamsaidia kuuza nyanya na vitunguu pale barabarani."

"Atarudi lini?"

Wakaanza kukusanya madaftari yao.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Kobelo wa hisabati. Kobelo alikuwa mwenyeji wa vijiji vilevile, mtu wa maneno machache, na siku ya lile kapu hakuwepo, alikuwa mjini kwenye semina. Alikuwa anasahihisha madaftari. Nikamsimulia tangu matokeo mpaka Dumila.

"Kapu ulilirudishaje?" akauliza.

"Kama lilivyokuja."

"Limejaa?"

"Limejaa, na barua juu."

Akaweka kalamu chini. "Basi umemfukuza," akasema.

Alinieleza kwa upole, na upole wake ulinichoma zaidi. Kule kapu la mtu halirudi tupu. Unachukua kilichomo, unatia chako, hata kama ni chumvi ya kutosha mboga moja au kipande cha sabuni, ndipo unarudisha. Hilo mnalijua, lipo karibu kila mahali. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kapu kurudi na kilichomo chote kuna maana yake. Hufanyika pale ukoo mmoja unapoukatalia mwingine posa, au ndugu wanapoamua kwamba hawajuani tena. Hakuna maneno yanayosemwa. Kapu likishatua mlangoni limejaa, shauri limekwisha. "Ungechukua konzi moja tu," Kobelo akasema. "Waraka wako usingejua."

"Si wangenijia wakaniuliza?"

"Wakuulize nini? Umeshajibu."

Ijumaa baada ya vipindi mimi na Kobelo tulianza kupanda kwenda kwao Skola. Nilikuwa nimenunua kilo mbili za sukari na mche wa sabuni kwenye duka la chini ya shule. Kobelo alipoviona aliniambia niviache palepale dukani.

"Niende mikono mitupu kwa watu niliowakosea?"

"Ukienda na hivyo unakwenda kulipa. Wewe unakwenda kuomba ulichokikataa."

Njia ilichukua zaidi ya saa nzima, kupitia matuta ya mboga, na mimi sikuwa kijana tena. Niliogopa. Nilikuwa nimesimama mbele ya wakaguzi, wakuu wa wilaya na darasa la watoto tisini bila kutetemeka, lakini nilivyokuwa napanda nilijua kwamba kama mzee yule atakataa, msichana mwenye akili kuliko wote niliowahi kuwafundisha atakwenda kusimama barabarani Dumila akikimbilia madirisha ya mabasi na kisado cha nyanya, na aliyempeleka huko ni mimi, kwa barua iliyoandikwa kwa Kiswahili fasaha.

Mzee Filipo alikuwa nje ya nyumba anachonga mpini wa jembe. Mama Skola alitoka jikoni, akajifuta mikono, akatukaribisha kwa sauti ya chini. Kando ya mlango, juu ya kichanja, niliona kapu langu. Jani la mgomba lilikuwa limekauka. Maganda ya njegere yalikuwa ya njano, mengine yameota ukungu. Baadaye Kobelo alinieleza kwamba kitu kikishatolewa kwa mtu, nyumba iliyokitoa haiwezi kukila, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukimwaga.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba." Hakuacha kuchonga. "Karibuni viti. Kobelo namjua. Wewe nakujua kwa barua."

Nikaanza kueleza habari za waraka. Akaninyamazisha kwa mkono. "Huo tulisomewa."

"Nilisomewa na mwanangu mwenyewe," Mama Skola akasema. "Kapu lilikuwa limefunikwa, nikadhani ndani mna chako na barua ni ya shukrani, nikawaita na majirani wawili waje wasikie. Akasimama hapo ulipokaa, akasoma."

"Alisoma yote?"

"Yote. Hakukosea hata neno."

Nimeona aibu nyingine maishani, lakini ile ilinikaa kifuani mpaka nikashindwa kumtazama. Mtoto niliyemfundisha kusoma kwa kujiamini alikuwa amesimama mbele ya mama yake na majirani, akasoma kwa kujiamini kwamba simtaki.

Mzee Filipo akauweka mpini magotini. "Tulisema mtoto atasoma maadamu walimu wanamtaka," akasema. "Akafaulu. Mama yake akapeleka kapu kuuliza kama bado mko naye mpaka mwisho. Likarudi limejaa. Mwalimu, hatukuhitaji barua."

"Sikujua kwamba lilikuwa linauliza, mzee."

"Kwenu wapi?"

"Bukoba."

"Kwenu Bukoba mgeni akikataa mnachompa, mnafanyaje?"

Ningeweza kusema chochote, hakuwahi kufika Bukoba. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia kwamba kwetu mgeni akiingia anapewa buni za kutafuna kwenye kikapu kidogo, na kwamba baba yangu mzazi hakumkaribisha tena nyumbani mtu aliyewahi kuzikataa.

"Hata kama mgeni alikuwa na waraka?"

"Hata kama alikuwa na waraka."

Kobelo alikohoa akatazama bondeni. Mzee hakucheka, lakini aliacha kunitazama kama mtu wa serikali. Nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema tena. Nikamgeukia Mama Skola.

"Mama, nimekuja kuomba lile kapu."

"Zimeharibika, Mwalimu."

"Naziomba hivyohivyo."

Alilitazama kapu kule kichanjani. "Nilizipanda wiki aliyofanya mtihani," akasema. "Nilisema zikikomaa na yeye akawa amefaulu, chumo la kwanza ni la mwalimu wake. Nilikuwa nampitisha asubuhi akienda shule azione zilivyofika." Hakulia, na sauti yake haikupanda. Alinyanyuka, akalishusha kapu kutoka kwenye kichanja, akanikabidhi. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikabaki nimelikumbatia, sijui nilitue wapi.

"Kupokea umepokea," Mzee Filipo akasema. "Sasa zinaliwa au zinatazamwa?"

Basi tukakaa chini, mimi, Kobelo na Mama Skola, tukaanza kumenya. Tatu nzuri, tano mbovu. Tulikuwa katikati ya kazi hiyo Skola alipotokea na ndoo ya maji kichwani. Alisimama njiani. Mwalimu wake alikuwa amekaa mkekani kwao, na maganda yenye ukungu yamejaa mapajani. Aliitua ndoo, akatuamkia mmoja mmoja kwa utaratibu, akakaa upande wa mama yake akachukua fungu lake. Mama yake akazipika zile zilizosalimika pamoja na viazi, na jua lilikuwa bado halijazama tulipokula. Zilikuwa na uchungu. Nilikula sahani mbili, na ningeongezewa ya tatu ningeila.

Tulipokuwa tunaaga, Mzee Filipo alitusindikiza mpaka mwisho wa matuta yake. Alizungumza na Kobelo kuhusu mbegu za karoti na bei za mjini, mimi nikifuata nyuma na kapu mkononi. Kwenye kona ya mwisho akasimama. "Kesho lori litashuka na kabichi tu," akamwambia Kobelo, utadhani mimi sipo, akageuka kurudi kwake. Tuliteremka mpaka dukani. Pale nilichukua ile sukari na sabuni, nikavitia ndani ya kapu, na kwa ushauri wa Kobelo likakaa kwangu siku mbili kabla ya kurudishwa, lisije likaonekana lina haraka.

Jumatatu asubuhi nilimweleza mkuu wa shule kila kitu, maana sikutaka asikie sokoni. Alifikiri kidogo, akasema waraka unamkataza mwalimu kupokea, jiko la shule haulikatazi. Tangu siku ile mzazi akileta kapu, mwalimu analipokea mbele ya wenzake, anashukuru, kilichomo kinakwenda jikoni, watoto wote wanakula, na aliyeletewa anatia chumvi yake au sabuni yake na kurudisha. Nasikia mpaka leo wanafanya hivyo. Ninyi mnaopangiwa shule za ugenini, kabla hamjakataa kitu cha mzazi, tafuteni yule mmoja ofisini aliyezaliwa mahali pale. Kama yuko semina, msubirini arudi.

Nilifundisha kule miaka kumi na mmoja zaidi. Skola alimaliza kidato cha nne, akaenda chuo cha kilimo, na siku hizi ndiye anayewauzia wakulima wa kule mbegu za njegere na kuwagombeza wakipanda vibaya. Ningeweza kumalizia hapo, na mngeridhika. Lakini Mwalimu Neema aliniambia niandike nilivyokuwa nafundisha, na kuna kipande cha Jumatatu ile ambacho sijawahi kumsimulia mtu.

Nilikuwa nimeomba radhi kwa mama yake na kwa mjomba wake. Skola mwenyewe bado. Katika miaka yangu yote nilikuwa sijawahi kumwomba mwanafunzi radhi, lakini nilijua jinsi mambo hayo yanavyokwenda. Mwalimu anasema amekosea, mtoto anainamisha kichwa anasema hapana, Mwalimu, hujakosea, na kila mtu anaendelea na kazi yake. Nilimsubiri nje ya mlango wa darasa kabla ya kipindi cha kwanza. Alikuja na sare imepigwa pasi, daftari kwapani.

"Skola," nikasema, "nilikosea kukurudisha na lile kapu."

Aliniangalia usoni, jambo ambalo watoto wa kule hawalifanyi kwa mtu mzima.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema. "Ulikosea."

Akasubiri kidogo, aone kama nina neno lingine. Akaingia darasani, akamwomba jirani yake daftari, akaanza kunakili vipindi vyote alivyovikosa.